Boti ya Marehemu Kaka

Mtu hurithi mengi ambayo hakuyaomba. Mmoja hurithi shamba, mwingine deni, mwingine ugomvi wa mpaka. Mimi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye sijapata kuvua hata changu mmoja, nilirithi boti. Marehemu kaka yangu alipofariki mwaka 2016, wanawe walikuwa mbali na nyumba yake ilikuwa ya kupanga. Basi boti ikaletwa kwangu hapa Tanga juu ya tela lake, ikarudishwa kinyumenyume mpaka katikati ya ua, gari likafunguliwa, likaenda zake. "Ni kwa muda tu, Mwalimu," niliambiwa. Ndugu msomaji, nimeishi vya kutosha kujua kwamba hakuna kitu kinachokaa sana kama kilichowekwa kwa muda.

Boti yenyewe ni ya faiba, urefu wake mita 5, na mashine imepachikwa nyuma. Tela ni la chuma, lina ekseli moja na matairi mawili ya hewa. Mbele, chini ya shingo ya tela, kuna kigurudumu kidogo cha mpira mgumu kinacholiwezesha tela kusimama lenyewe bila gari. Kwa makisio yangu vyote pamoja vina uzito wa kilo 650. Ua wangu umeota ukoka mzuri, kazi ya mke wangu, lakini chini ya ukoka huo kuna udongo ambao mvua ikinyesha siku mbili hubonyea kama mkate wa kumimina.

Nataka kueleza jinsi nilivyojifunza kuihamisha boti ile bila mtu kunyanyua kitu. Lakini siwezi kueleza hilo kwa haki bila kueleza kwanza siku tuliyoinyanyua.

Ilikuwa masika ya mwaka 2019. Shimo la maji machafu lilikuwa limejaa, na gari la kunyonya lilihitaji kupita pale pale boti iliposimama. Niliwaita vijana wa mtaani, wakaja wanane, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani. Tulijaribu kusukuma, kigurudumu cha mbele kikazama kwenye ukoka mpaka kikafichika. Ndipo nikasema neno ambalo nalikumbuka mpaka leo: "Acheni kusukuma, nyanyueni." Mwenyewe nilisimama kando, mikono nyuma kama niliyekuwa paredi ya asubuhi, nikapiga ukelele, "Haraambee!" nao wakaitikia.

Shingo ya tela ikapanda mpaka kiunoni, kisha mpaka kifuani, na hapo likatokea jambo la ajabu: ikawa nyepesi. Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe uzito wake ni wa kujisingizia!" Wakapiga hatua nne, tano. Halafu aliyekuwa mbele akateleza kwenye tope, shingo ikashuka kidogo, na papo hapo wepesi ule ukageuka. Ikaanguka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Saba waliruka. Wa nane, kijana wa jirani yangu ambaye kazi yake ni uvuvi, aliwahi kutoa mguu mmoja tu.

Hospitali walisema mifupa miwili ya wayo imevunjika. Gharama nilizilipa mimi, sikubishana. Lakini mvuvi anayesimamia mguu mmoja hana kazi baharini. Kusi ile yote alikaa kibarazani kwao akishona nyavu za watu wengine, na kaskazi ilipoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, ndiyo kwanza alikuwa akijaribu kutembea bila gongo. Mpaka leo, hali ya hewa ikibadilika, huchechemea.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi. Jioni ya siku ile ile, nilipokuwa nikifuta tope kwenye shingo ya tela, nilisikia maji yakicheza ndani ya boti. Nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia chini ya turubai lililochanika. Boti ilikuwa imejaa maji ya mvua kufikia magotini. Kizibo cha tundu la nyuma, lile la kutolea maji, kilikuwa kimekazwa tangu enzi za marehemu. Sikupata kukifungua hata mara moja kwa miaka mitatu. Nilipokifungua, maji yalitiririka karibu saa nzima.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hilo nimelifundisha darasani miaka 34. Kama mlikuwa na lita 200 mle ndani, na sidhani zilipungua, basi vijana wale walinyanyua kilo 200 ambazo mimi sikuwaambia kwamba zipo. Tena ubaya wa maji si uzito wake peke yake, ni kwamba hayatulii. Shingo ilipoinuliwa, maji yote yalikimbilia tezi, yakawa nyuma ya ekseli. Tela likawa kama mchezo wa pembea ambao mtoto mnene amekaa upande wa pili. Ndiyo maana mbele kukawa kwepesi. Shingo iliposhuka kidogo, maji yakarudi omo kwa mkupuo, na uzito wote ukahamia mikononi mwa wale waliokuwa wakicheka. Wahenga walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilikuwa nikiutumia msemo huo kuwaonya watoto wanaohamahama shule. Sikudhani siku moja ngama itanifundisha maana yake halisi.

Mtaani, siku mbili baadaye, habari ilikwisha pata sura yake. Ilisemwa kwamba kijana alizembea. Kwamba alikuwa akichungulia simu. Kwamba vijana wa siku hizi hawana miguu ya kazi. Niliyasikia hayo kwenye baraza ninayokaa kila jioni na wazee wenzangu kunywa kahawa. Nilijua si kweli. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa mwenzake. Lakini mzee mmoja aliponigeukia akaniuliza, "Au siyo, Mwalimu?" nilivuta kikombe, nikanywa, nikasema, "Mambo ya Mungu." Ndugu msomaji, kuna uongo unaosemwa kwa maneno ya kweli kabisa.

Boti ilirudi pale pale katikati ya ua, ikavutwa na gari siku ile ile kwa kuchimbua ukoka wote. Ikakaa miaka mitatu na nusu mingine.

Mwaka 2022 binti wa marehemu kaka alichumbiwa, na ikaamuliwa arusi ifanyike kwangu mwezi wa Novemba, kwa kuwa ndiye niliyebaki mahali pa babake. Mke wangu alipima ua kwa hatua, akaangalia mahali pa kuweka turubai, viti na masufuria ya pilau, kisha akasimama mbele ya boti. "Hii itakaa wapi?" akauliza. Nikamwambia itahamia pembeni, chini ya mwembe. "Kwa kunyanyuliwa?" Hakusema zaidi ya hapo, na mimi nikaelewa. Niliapa kimoyomoyo kwamba hakuna mtu atakayeinua kitu uani kwangu, na kwamba kama boti haitaki kwenda bila kunyanyuliwa, basi wageni wataila pilau wakiizunguka.

Kutoka ilipokuwa mpaka mwembeni ni mita 12. Nane za kwanza ni tambarare, nne za mwisho ni mpando mdogo, kama sentimeta 5 kwa kila mita. Tena ilikuwa lazima igeuzwe, kwa sababu ilielekea ukutani. Gari lisingeweza kuingia, maana tangu yaliyotokea mke wangu alikuwa amepanda migomba njia nzima. Nilichukua daftari, nikakaa chini ya mwembe huo huo kwa siku mbili nikiandika kama mwanafunzi wa darasa la sita. Mashine rahisi: wenzo, gurudumu na ekseli, kapi, mteremko, kabari, skrubu. Nilizifundisha zote kwa chaki. Hakuna hata moja niliyoikumbuka siku ya haja.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza na kupanga. Kizibo nilikuwa nimekifungua, na turubai jipya limefungwa, kwa hiyo hapakuwa na maji isipokuwa ngama kidogo niliyoikumba kwa kopo. Nikapanda ndani, nikatoa kimoja kimoja: tangi la mafuta, betri, makasia, nyavu kuukuu zilizooza, mawe ya nanga. Vitu vidogo vidogo, lakini nilipovipima kwa mizani ya kuazima dukani vilifika kilo 60 na ushei. Nanga na mnyororo wake, ambavyo marehemu alivihifadhi omo, nilivihamishia nyuma kidogo, karibu na ekseli. Hapo shingo ya tela, ambayo awali sikuweza hata kuitikisa, ikawa na uzito wa mtoto wa miaka mitano. Sikuiacha iwe nyepesi zaidi ya hapo, maana nilikwisha ona tela lenye shingo nyepesi mno linavyodanganya. Na chini ya tezi niliweka gogo, ili hata likitaka kuinukia nyuma liangukie gogo badala ya mguu wa mtu.

Kazi ya pili ilikuwa ardhi. Hapa alinisaidia baba yangu, aliyefariki zamani. Yeye alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge, enzi mkonge ulipokuwa ndio Tanga na Tanga ndiyo mkonge. Mmea huo uliletwa hapa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kutoka Florida, na mwaka huo huo ndipo ujenzi wa reli ulipoanzia Tanga mjini. Mashambani nako walitandika vijireli vyembamba, na juu yake wakapitisha matoroli ya kubebea majani ya mkonge hadi kiwandani. Baba alikuwa akisimulia kwamba watu wawili walisukuma toroli lililojaa huku wakipiga soga, lakini toroli hilo hilo likitoka nje ya reli, hata kumi na wawili walitoka jasho kulirudisha. Utotoni nilidhani anasifia nguvu zao. Kumbe alikuwa anasifia reli.

Gurudumu halishindwi na uzito, hushindwa na shimo linalojichimbia. Kwenye sakafu ya saruji, tela la kilo 650 husukumika kwa nguvu ya kilo 10 au 15 tu likishaanza kwenda. Kwenye nyasi laini huhitaji kilo 65 na zaidi, kwa sababu kila wakati tairi linapanda ukingo wa kishimo chake lenyewe, na likipanda kimoja linakanyaga kingine. Kile kigurudumu kidogo cha mbele ndicho kibaya kuliko vyote. Uzito wake wote unakaa juu ya kipande cha ardhi kisichozidi kiganja, nacho huzama kama kisigino cha kiatu kirefu cha bibi arusi.

Basi nikatandika reli yangu. Nilikuwa na mbao sita za jukwaa la mafundi, nene, urefu mita 3. Mbili kila upande na jozi moja ya akiba. Mbele nikaweka vipande vya plaiwudi, ukubwa wa meza ya mwanafunzi, ili kigurudumu kitembee juu yake. Tela likipita, mbao za nyuma huhamishiwa mbele. Niliongeza upepo kwenye matairi kwa pampu ya baiskeli, maana juu ya mbao tairi gumu huteleza vizuri zaidi. Mke wangu akashika shingo kuielekeza, mimi nikasukuma kwa mgongo nikiwa nimeegemea tezi, umri wangu miaka 66. Likaenda. Polepole, kama mzee anayetoka msikitini, lakini likaenda. Kila nusu mita tulisimama, nikaweka kabari za mbao mbele na nyuma ya matairi, nikapumua. Mita 8 zilituchukua asubuhi nzima, na hakuna ukoka uliochubuka.

Kugeuza kulikuwa kwepesi kuliko nilivyohofia. Tela la ekseli moja hugeukia pale pale, tairi moja likisimama na jingine likizunguka. Shingo ikawa kama mshale mrefu wa saa. Kilichohitajika ni plaiwudi ya kutosha kutandikwa kwa duara njia ya kigurudumu.

Mpando ndio ulionishinda. Huko mbao zilikuwa zinateleza kurudi chini, na hesabu ilinikatisha tamaa: kilo 65 za nyasi, na kilo 33 nyingine za mlima, jumla karibu kilo 100 za kusukuma mfululizo, na sisi wawili, jumla ya miaka 127. Tulisukuma mara moja, likapanda shibiri, likarudi. Tuliweka kabari, tukakaa chini.

"Shikamoo Mwalimu."

Alikuwa mlangoni, yule kijana. Alikuwa ametumwa na mamake kuleta sufuria kubwa la kuazima kwa ajili ya arusi. Tangu mwaka 2019 tulikuwa tukisalimiana njiani tu, yeye kwa heshima zote na mimi kwa haraka zote.

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo tu, usihangaike."

Aliliweka sufuria chini lakini hakuondoka. Aliangalia mbao, kabari, gogo chini ya tezi. Akaenda nyuma, akainama, akaangalia tundu la maji lililokuwa wazi. Alikaa ameinama pale kwa muda, nami nikajua kwamba amejua. Labda alijua siku zote. Mvuvi atashindwaje kujua?

Aliponyanyuka alisema, "Mwalimu, mnalisukuma moja kwa moja. Kwa nini hamlitembezi?"

"Kulitembeza vipi?"

"Kama kabati. Kabati zito hulisukumi, unalitembeza, pembe hii, pembe hii. Hata ngalawa, ikiwa watu hawatoshi, tunapeleka omo, kisha tezi." Halafu akatabasamu kidogo. "Si wewe uliyetufundisha wenzo?"

Akalikaza tairi la kulia kwa kabari nyuma yake, akaliacha la kushoto huru. Akashika ncha ya shingo, akaisukuma kwa ubavu kuelekea kulia. Tairi la kulia likasimama kama kigingi, na la kushoto likapanda mlima peke yake, sentimeta 40. Akaniashiria, nikatia kabari nyuma ya la kushoto, nikaiondoa ya kulia. Akaisukuma shingo kuelekea kushoto. La kulia likapanda. Hatua ya kwanza. Boti ya marehemu kaka yangu ilikuwa inatembea kwa miguu miwili.

Nilisimama nikahesabu kwa kichwa, kwa sababu mwalimu hastaafu kichwani. Kutoka ncha ya shingo mpaka ekseli ni mita 4. Kati ya tairi na tairi ni mita 1 na sentimeta 60. Tairi lililokazwa ndilo egemeo, tairi linalopanda ndilo mzigo, na mkono wa kijana ndio jitihada. Unapandisha nusu tu ya uzito, tena kwa wenzo unaozidisha nguvu mara mbili na nusu. Zile kilo 100 zilikuwa zimegeuka kuwa kama 20. Hakuna cha bure: mkono wake ulikwenda mita nzima ili boti isogee sentimeta 20. Tulilipa kwa mwendo tulichoshindwa kulipa kwa nguvu. Na mwendo hata mzee anao.

Plutarch ameandika kwamba Mgiriki Archimedes wa Syracuse, yule aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo Warumi walipouteka mji wake, aliwahi kukaa kitako na kuivuta nchi kavu merikebu iliyosheheni, peke yake, kwa kamba na makapi. Nilikuwa nikiwasimulia watoto kisa hicho kila mwaka na wao wakishangaa nguvu za yule mtu. Sikuwahi kuwasisitizia kwamba alikuwa amekaa.

Niliongeza jambo moja. Nilileta kamba ya mkonge, nikafunga ncha moja kwenye fremu ya tela na nyingine nikaizungusha mara mbili kwenye shina la mwembe, juu ya gunia ili gome lisichubuke. Mke wangu aliishika ncha ya mwisho, akivuta kila ilipolegea. Kamba iliyozungushwa hivyo hushika kwa msuguano, na mwanamke mmoja anaweza kuzuia kisirudi kile ambacho wanaume wanane wasingekizuia. Mkonge ni bora hapa kuliko nailoni, kwa kuwa haunyumbuki sana. Nailoni ikivutwa hujaza nguvu ndani yake, na ikikatika hurudi kama mjeledi. Hata hivyo niliwakataza wote kusimama kwenye mstari wa kamba, na mara hii nilikuwa miongoni mwa wale ninaowakataza.

Swingi ishirini na kitu, kama alivyoziita kijana. Katikati, kwenye ya kumi hivi, tulipumzika. Mke wangu alikwenda kuleta maji ya ndimu. Tulibaki wawili, tumeegemea boti, na nikaona nikiacha dakika hiyo ipite haitarudi.

"Mwanangu," nikasema, "siku ile boti ilikuwa na maji."

"Najua, Mwalimu."

"Nilipaswa kuyafungua. Nilisimama pembeni nikapiga kelele. Mguu wako ni kosa langu. Nisamehe."

Alinyamaza. Alikuwa akitazama kabari, anaisogeza kwa ncha ya ndala, kwa ule mguu wake.

"Mguu nilikwisha samehe zamani," akasema. "Mguu ni ajali, baharini tunavunjika kila siku. Ila ile kwamba nilikuwa nachezea simu. Mwenye jahazi aliyekuwa anichukue alisikia hivyo, akasema hataki mtu mzembe chomboni mwake. Na wewe ulikuwepo barazani, Mwalimu. Nilingoja useme."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Nilikuwa nimekuja na toba ya kosa moja, naye akanionyesha kwamba lile kubwa nilikuwa nimelificha nyuma ya lile dogo. Kosa la maji lilikuwa la kutojali. Kosa la baraza nililifanya kwa macho makavu, na kikombe cha kahawa mkononi.

Tuliimalizia kazi bila maneno mengi. Adhuhuri boti ilikuwa chini ya mwembe, imewekewa kabari pande zote, shingo imekaa juu ya kipande cha gogo na plaiwudi chini yake, omo imeinuliwa kidogo kuliko tezi ili mvua yoyote ikimbilie kwenye tundu. Hakuna aliyeinua kitu kizito kuliko kabari.

Jioni nilikwenda barazani mapema. Nilingoja mpaka wote wafike, hata yule mzee aliyeniuliza "Au siyo, Mwalimu?" Kisha nikaeleza yote: kizibo, maji, ukelele wangu, na simu iliyokuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Nilitumia sauti ya darasani ili nisitetereke. Nilipomaliza palikuwa kimya, muuza kahawa akasahau kugonganisha vikombe vyake. Mmoja akajaribu kunisaidia, akasema, "Lakini Mwalimu, hayo si yalikwisha?" Nikamjibu kwamba kwangu ndiyo yalikwisha, kwake hayajaisha. Kesho yake nilimfuata yule mwenye jahazi nyumbani kwake nikamwambia vile vile. Alinisikiliza, akashukuru, akasema mabaharia wake wamekwisha timia. Ndivyo ilivyo. Neno la kweli likichelewa miaka mitatu na nusu, mara nyingi hukuta nafasi imejaa.

Arusi ilikwenda salama. Watoto walipanda botini wakacheza unahodha, na bibi arusi alipigwa picha ameegemea boti ya babake, akalia kidogo, tukamwacha alie.

Nikitazama nyuma naona kwamba siku ile ya mwaka 2019 sikukosa nguvu. Nilikuwa na vijana wanane. Nilikosa kuuliza. Sikuuliza ndani mna nini, sikuuliza ardhi itabeba nini, sikuuliza nani atasimama wapi. Mtu mwenye nguvu za wenzake mkononi huona kuuliza ni kupoteza wakati. Ukibaki na mgongo wa miaka 66 na mke wako ndipo unapoanza kufikiri, na ukianza kufikiri unagundua kwamba mzigo mwingi hauhitaji kuinuliwa. Upunguze kwanza kilichomo bure. Utandikie njia. Uushike mbali na egemeo. Uutie kabari kila hatua ili ulichokipata kisipotee. Na asiwepo mtu mahali ambapo ukianguka utaangukia.

Ama ule mzigo mwingine, wa barazani, sijapata wenzo wake. Huo niliuona kuwa ni wa kubeba kwa mikono, peke yangu, mbele za watu.

Boti bado ipo chini ya mwembe. Kila mwaka, kabla masika hayajaanza, kijana huja na bisibisi na kopo, bila kuitwa. Mimi hushika taa. Yeye huinama tezi kuangalia kizibo, akahakikisha kiko wazi, halafu huniambia, "Tazama na wewe, Mwalimu." Nami huinama, nikatazama.